Programu ya duka imegoma kuwaka? Usifute kitu, nakili kwanza

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama una wateja, lihifadhi ulisome jioni ukishafunga hesabu. Linamhusu yeyote anayeuza kwa kutumia programu ya duka inayokaa ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ile isiyohitaji intaneti.

Mimi nina duka la rejareja huku Kahe, tambarare, chini ya mlima. Kompyuta sikuisomea. Niliishia kidato cha nne, na mengi ninayoyajua nimeyajua kwa kuharibu kwanza. Leo nawaambia moja nililoliharibu vibaya, ili wewe usilipie ada niliyolipa mimi.

MWANZO WA BALAA

Huku kwetu wateja wengi ni wakulima. Mahindi, mpunga, vitunguu, ndizi. Mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana mavuno. Kwa hiyo kati ya kupanda na kuvuna anakuja dukani: "Mangi, niandikie." Unamwandikia sukari, mafuta, sabuni, unga. Akivuna analipa. Ukikataa kukopesha, duka litabaki wewe na inzi.

Zamani nilikuwa naandika kwenye daftari. Mwaka juzi nikasema ngoja niwe wa kisasa. Fundi mmoja akaniwekea programu ya duka kwenye kompyuta. Mauzo humo, stoo humo, madeni humo. Daftari nikaliweka juu ya kabati. Nilijisikia bosi kweli.

Miezi miwili hivi baadaye, jioni moja mvua ikapiga, umeme ukakatika ghafla. Betri ya kompyuta ilikuwa imeshakufa siku nyingi, kwa hiyo ikazima palepale nikiwa katikati ya kuandika deni la mama mmoja. Asubuhi nikawasha. Kompyuta ikawaka vizuri. Nikafungua XAMPP, ile paneli yenye vitufe vya Start, nikabofya ya MySQL. Ikawa njano, halafu ikazima. Chini yakatokea maandishi mekundu: "MySQL shutdown unexpectedly."

Nikabofya tena. Na tena. Labda mara kumi na tano.

Wateja wamesimama, mimi nimeinamia kompyuta. Nikatafuta video kwenye simu. Jamaa kwenye video anasema kwa kujiamini kabisa: ingia folda ya data, futa faili linaitwa ibdata1, bofya Start, kazi imeisha. Nikafuta. Na sikufuta kistaarabu liende kwenye kapu la taka, nililifuta moja kwa moja. Nikabofya Start. Ikawa kijani! Nilipiga kofi la furaha.

Nikafungua programu ya duka. Kila ninapogusa inaniambia jedwali la bidhaa halipo, jedwali la mauzo halipo, jedwali la madeni halipo. Hapo ndipo nikachanganyikiwa. Nikaiondoa XAMPP nzima nikaiweka upya. Yaani nilifuta hata yale mabaki ambayo fundi mzuri angeweza kuyafufua.

Watu 41 walikuwa na madeni humo ndani. Zaidi ya milioni mbili. Nikabaki na daftari la zamani la juu ya kabati, na kichwa changu.

Baadhi walikuja wenyewe. Yule mama niliyekuwa namwandikia umeme ulipokatika alikuja siku ya pili yake, akasema, "Mwanangu, nimesikia kompyuta yako imekufa. Mimi deni langu ni elfu thelathini na nane, andika." Nilitaka kulia. Lakini kuna mzee mmoja nilikuwa nakumbuka deni lake kama elfu sitini, yeye akasema ni elfu kumi na mbili. Sikuwa na pa kumwonyesha. Tulirushiana maneno mbele ya watu, na siku hizi akipita hapa dukani hanitazami. Mpaka leo sijui ni yeye aliyekosea au ni mimi. Ndiyo inayoniuma zaidi kuliko hela.

Sasa tuingie somoni.

KINACHOGOMA NI NINI HASA?

Programu ya duka unayoiona kwenye kioo ni kama muuzaji wa kaunta. Yeye hatunzi kitu. Akishauza anampelekea mtunza vitabu aliye ofisini nyuma. Huyo mtunza vitabu ndiye databesi, na wengi wetu tunatumia MySQL au ndugu yake MariaDB. Ukitumia XAMPP za miaka hii, paneli inaandika MySQL lakini ndani yake ni MariaDB. Usishtuke, hao ni wa ukoo mmoja. Mfini mmoja anaitwa Michael Widenius ndiye mmoja wa walioianzisha MySQL, akaipa jina la binti yake My. Baadaye ikaja MariaDB, jina la binti yake mdogo, Maria.

Ndani ya databesi kuna sehemu inayoshika kalamu yenyewe, inayoandika kwenye diski na kusoma. Hiyo inaitwa injini ya kuhifadhi. Inayotumika zaidi ni InnoDB. Aliyeitengeneza ni Mfini mwingine, Heikki Tuuri, kupitia kampuni yake ya Innobase. Tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010, jedwali jipya linaandikwa kwa InnoDB hata kama hukuchagua.

Kwa hiyo ukiona MySQL haiwaki, mara nyingi anayegoma ni InnoDB. Na InnoDB ikigoma, ofisi nzima haifunguliwi.

KWA NINI INAGOMA?

Hapa naomba umakini, maana ukielewa hapa huwezi kufanya kosa langu.

InnoDB ina vitabu viwili. Kimoja ni leja kubwa. Hiyo ni faili la ibdata1 pamoja na mafaili yanayoishia na .ibd, moja kwa kila jedwali. Kingine ni daftari la haraka, yaani mafaili ya ib_logfile0 na ib_logfile1. Kwenye matoleo mapya zaidi unaweza kukuta moja tu, au folda inayoitwa #innodb_redo.

Ukiuza kilo ya sukari, InnoDB haikimbilii leja kubwa. Kwanza inaandika kwenye daftari la haraka: "imeuzwa sukari kilo moja." Ikishaandika hapo ndipo inakubali kwamba kazi imefanyika. Baadaye ikipata nafasi inahamishia kwenye leja. Ni kama wewe siku ya gulio: unaandika kwenye kipande cha boksi, usiku unahamishia daftarini.

Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena inafungua daftari la haraka, inatazama ni yapi hayajahamishwa, inayahamisha. Na mauzo yaliyoishia njiani kabla hayajathibitishwa, inayafuta kana kwamba hayakutokea. Yote hayo inafanya yenyewe. Ndiyo maana umeme hukatika mara nyingi na kompyuta zetu zinaamka salama.

Sasa ndani ya leja kuna kurasa. Kila ukurasa kwa kawaida ni kilobaiti 16, na kila ukurasa una namba ya kuhakiki, mfano wa jumla unayoweka chini ya ukurasa wa daftari. InnoDB ikifungua ukurasa inapiga hesabu upya. Jumla isipolingana, inajua ukurasa huu umeharibika. Vilevile kama leja inasema "mimi nimefika hapa" na daftari la haraka linasema "mimi sijafika huko", inajua vitabu havipatani.

Ikikuta hivyo inafanya nini? Inakataa kufungua ofisi. Inasema bora tufunge kuliko kuuza kwa hesabu ya uongo.

Baada ya msiba wangu nilimsimulia mzee mmoja jirani, aliyewahi kufanya kazi reli. Kahe hapa si mnajua, stesheni ni ya zamani, na reli ya kwenda Voi inaachana na ya Tanga hapahapa. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Kijana wangu, dereva wa treni akiona bendera nyekundu, hashuki akaichana bendera halafu akaendelea na safari. Anauliza huko mbele kuna nini."

Mimi niliichana bendera. ibdata1 ndiyo yenye orodha kuu ya majedwali yote. Ukiifuta, InnoDB inatengeneza mpya tupu, inawaka kijani, lakini haijui tena kama una jedwali la madeni. Kijani kile hakikuwa kupona. Ilikuwa ofisi mpya isiyo na kitabu hata kimoja.

HATUA ZA KUFUATA SIKU IKIGOMA

Hatua ya 1: Acha kubofya Start.
Chukua karatasi, endelea kuuza kwa kalamu. Mteja hajali unaandika kwa nini. Usitibu kompyuta huku watu wanakuita "Mangi, Mangi". Haraka ndiyo iliyoniponza.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli imezima.
Fungua Task Manager, tafuta mysqld.exe. Kama ipo na diski inafanya kazi, huenda bado inahamisha kutoka daftari la haraka kwenda kwenye leja. Iache imalize. Kuikatisha hapo ni kuongeza jeraha. Kama haipo, endelea.

Hatua ya 3: NAKILI FOLDA NZIMA YA DATA.
Kama ni XAMPP, ipo C:\xampp\mysql\data. Nakili yote, bila kuchagua faili, peleka kwenye flashi au diski nyingine, ipe jina kama data_ya_leo. Fanya hivyo MySQL ikiwa imezima, maana nakala iliyochukuliwa ikiwa inafanya kazi haiaminiki. Kuanzia hapa, chochote utakachoharibu unaweza kurudi ulipoanzia. Kama leo utakumbuka hatua moja tu, kumbuka hii.

Hatua ya 4: Soma faili la makosa.
Kwenye paneli ya XAMPP, mstari wa MySQL una kitufe cha Logs. Ndani utakuta mysql_error.log. Shuka mpaka chini kabisa, halafu panda taratibu. Mistari ya mwisho mara nyingi ni hii:

Plugin 'InnoDB' init function returned error.
Plugin 'InnoDB' registration as a STORAGE ENGINE failed.
Unknown/unsupported storage engine: InnoDB
Aborting

Wengi wanaishia hapo, wanadhani InnoDB haimo kwenye kompyuta. Hapana. Hiyo mistari inakwambia tu kwamba mgonjwa amezimia. Ugonjwa wenyewe umeandikwa juu yake, mistari michache kabla. Tafuta neno ERROR la kwanza la asubuhi hiyo, ukiangalia tarehe na saa.

Hatua ya 5: Linganisha ulichosoma na chanzo.

a) Ukiona "Do you already have another mysqld server running on port: 3306?" basi hakuna kilichoharibika. Kuna programu nyingine imekalia mlango namba 3306. Labda MySQL nyingine iliwekwa na fundi wa awali inawaka yenyewe kompyuta ikiwashwa. Izime hiyo. Leja yako usiiguse.

b) Ukiona "Operating system error number 32", maana yake kuna programu nyingine imeshika mafaili ya InnoDB. Huwa ni antivairasi, programu ya kunakili, au mysqld nyingine iliyobaki nyuma. Washa upya kompyuta. Ikirudia, iambie antivairasi iiruke folda ya data. Ukiona namba 5, ni suala la ruhusa: Windows inaikatalia mysqld isiingie kwenye folda hiyo.

c) Diski imejaa. Angalia nafasi ya C. Zile filamu na video za WhatsApp zinakula nafasi mpaka InnoDB inakosa pa kuandika. Hamisha hizo, washa tena. Tafadhali usije ukapunguza nafasi kwa kufuta mafaili ya databesi!

d) Ukiona maneno "Aria recovery failed", anayelalamika ni Aria, injini nyingine ya MariaDB, na huyo InnoDB wala hausiki. Ujumbe wenyewe unakwambia dawa: tumia programu ya aria_chk na alama ya -r kwenye majedwali yanayoishia na MAI, halafu ondoa mafaili yanayoanza na aria_log. Mimi nasema yahamishe, usiyafute.

e) Ukiona "Database page corruption", au "log sequence number" ikifuatiwa na "is in the future", hapo ndipo kwenye ugonjwa wenyewe. Ukurasa umeharibika au vitabu viwili havipatani. Nenda hatua ya 6.

Umeona? Kati ya sababu tano, nne hazihitaji kugusa leja ya InnoDB kabisa. Yule wa kwenye video ana dawa moja kwa magonjwa yote.

Hatua ya 6: Fungua kwa nguvu, kidogo kidogo.
Fungua faili la C:\xampp\mysql\bin\my.ini. Chini ya [mysqld] ongeza mstari huu:

innodb_force_recovery = 1

Hapo unaiambia InnoDB: "Najua kuna ukurasa mbovu, fungua hivyohivyo nichukue vitabu vyangu." Bofya Start. Ikigoma, weka 2. Ikigoma, weka 3. Namba zinafika 6, lakini sikiliza vizuri: kuanzia 4 kwenda juu unaweza kuharibu data moja kwa moja, isirudi tena. Kwa 5 inachukulia mauzo yaliyoishia njiani kana kwamba yalikamilika, na kwa 6 halisomi daftari la haraka kabisa. Mimi nikifika 3 bila mafanikio ningempigia fundi anayejua databesi, nimkabidhi ile nakala ya hatua ya 3. Usikurupuke.

Ikiwaka katika hali hii, USIUZE. Umefungua mlango wa nyumba yenye ufa ili utoe vyombo, hujaja kulala humo.

Hatua ya 7: Toa vyombo nje.
Kwenye paneli ya XAMPP bofya Shell. Tuseme databesi yako inaitwa duka, na umeshatengeneza folda ya C:\uokoaji. Andika:

mysqldump -u root --result-file=C:\uokoaji\duka.sql duka

Kama una nywila, ongeza -p baada ya root. Ikimaliza, fungua hilo faili la duka.sql, shuka mpaka mwisho. Ukikuta mstari wa "Dump completed", umepata kitabu kizima. Usipoukuta, imekatikia njiani. Tazama ilikwama kwenye jedwali gani, kisha rudia amri ukiliruka kwa --ignore-table=duka.jina_la_jedwali. Bora kukosa jedwali moja kuliko yote.

Hatua ya 8: Jenga ofisi mpya.
Zima MySQL. Toa ule mstari wa innodb_force_recovery. Badilisha jina la folda ya data iwe data_mbovu (usiifute!). XAMPP ina folda ya C:\xampp\mysql\backup yenye data safi ya kuanzia. Inakili, nakala yake iite data. Bofya Start. Ikiwaka, rudi kwenye Shell:

mysql -u root -e "CREATE DATABASE duka"
mysql -u root duka < C:\uokoaji\duka.sql

Majina ya watumiaji na nywila za databesi yatakuwa yamerudi ya mwanzo, kwa hiyo kama programu yako inatumia nywila yake maalumu, mtafute aliyekuwekea aiweke tena.

Hatua ya 9: Hakiki kwa macho.
Usiamini kijani. Fungua mauzo ya siku ya mwisho, linganisha na meseji za malipo ya simu ulizopokea siku hiyo. Chagua bidhaa tano, hesabu rafu, linganisha na stoo ya kompyuta. Chagua wadaiwa watano unaowakumbuka vizuri. Vikilingana, ingiza yale ya kwenye karatasi, endelea na kazi.

ILINITOKEA TENA

Masika iliyopita umeme ulikatika tena, na asubuhi MySQL ikagoma tena. Moyo ulipiga, sidanganyi. Lakini safari hii nilichukua karatasi, nikauza kwa kalamu mpaka saa nane mchana watu walipopungua. Nikanakili folda. Nikasoma logi, nikakuta ukurasa mbovu. Nikaweka 1, ikawaka. Nikatoa duka.sql, ikagoma kwenye jedwali moja tu, lile la kuandika nani ameingia kwenye programu saa ngapi. Hilo nikaliacha, halinidai mtu. Madeni yote yakatoka, mpaka la elfu mbili na mia tano la mtoto aliyetumwa chumvi na vocha.

Jioni ile nilifunga duka nikiwa nimechoka, lakini hakuna mteja niliyehitaji kumuuliza, "Hivi unadaiwa ngapi?"

KINGA

Kwanza, nakala kila siku. Kila jioni kabla ya kufunga natoa faili la sql kwenda kwenye flashi:

mysqldump -u root --single-transaction --result-file=D:\jumatatu.sql duka

D ndiyo flashi yangu, kwako inaweza kuwa herufi nyingine. Kesho inakuwa jumanne.sql. Nina mafaili saba yanayozunguka. Flashi naondoka nayo, hailali dukani. Mwizi akichukua kompyuta asichukue na nakala. Jumapili moja moja najaribu kuirudisha nakala kwenye kompyuta ya rafiki, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuijaribu bado ni matumaini tu.

Pili, betri. Kama kompyuta yako ni ya mezani, tafuta UPS, hata ndogo ya kukupa dakika chache za kuzima vizuri. Kama ni ya kubeba, badilisha betri iliyokufa. Niliona betri mpya ni gharama, lakini ilikuwa nafuu mara nyingi kuliko lile deni la mzee peke yake ukijumlisha na heshima.

Tatu, kabla ya kuzima kompyuta bofya Stop kwenye MySQL, subiri izime, ndipo uzime Windows.

Nne, usikubali mtu akubadilishie innodb_flush_log_at_trx_commit kutoka 1 "ili programu iwe na kasi". Hiyo 1 ndiyo inayohakikisha kila mauzo yaliyothibitishwa yameandikwa kwenye daftari la haraka ndani ya diski. Ukiibadilisha, umeme ukikatika unaweza kupoteza mauzo ya mwisho.

Tano, muulize fundi wako ukweli. XAMPP ilitengenezwa kwa watu wanaojifunza na kujaribu programu. Duka linaweza kuendeshwa nayo, lakini atakayekuwekea akuonyeshe na namna ya kutoa nakala na kuirudisha kabla hujamlipa hela ya mwisho.

Sita, madeni makubwa bado nayaandika na kwenye daftari, mteja anaweka sahihi au dole gumba. Kompyuta inanisaidia kujumlisha. Daftari linatusaidia wote wawili tusigombane.

KAZI YA LEO JIONI

Usisubiri igome. Leo ukifunga duka fanya mambo matatu: tafuta folda yako ya data iko wapi, jua databesi yako inaitwa nani, toa nakala moja uipeleke nyumbani. Ukishindwa, mpigie aliyekuwekea programu umuulize hayo matatu tu.

Na siku ikigoma, kumbuka mzee wa reli. Nyekundu haijaja kukuharibia biashara, imekuja kukwambia kuna kitu mbele. Simama, nakili, soma, halafu ndiyo uguse.

Kama una mwenzako anauza kwa kompyuta na hajawahi kutoa nakala hata siku moja, mtumie hii kabla mvua hazijaanza. Biashara njema.